Datsun ya Safari, IST ya Desemba

Masika yakishalowesha udongo wa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, utaona jambo ambalo mgeni hulishangaa. Kigari kidogo, mara nyingi IST au Vitz, hufika chini ya mlima, kikasimama, kikageuka, kisha kikaanza kupanda kinyumenyume. Dereva ametoa kichwa dirishani, shingo ameikunja, na gari linatanguliza buti mpaka uwanjani kwa mwenye nyumba. Si mbwembwe. Gari la namna hiyo huvutwa na matairi ya mbele, na linapopanda, uzito wake hulalia nyuma. Matairi ya mbele hubaki mepesi, yakazunguka bure na kurusha tope. Ukiligeuza, matairi yenye kazi ndiyo yanayokaa upande wa bonde, ndiyo yanayokandamizwa na uzito, na gari linapanda. Kitabu cha maelekezo kilichotoka nalo Japani hakina ukurasa huo. Ukurasa huo wameuandika madereva wa huku vihambani, kwenye mashamba ya ukoo ya Wachagga.

Mara ya kwanza nilipopanda hivyo, baba yangu alikuwa amekaa kiti cha mbele. Tulipofika juu alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, zile Datsun za Safari zisingegeuka." Alikuwa na haki ya kusema. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa bado kijana wa shule, alisimama usiku kando ya barabara pale Himo pamoja na wenzake, blanketi mabegani, kusubiri taa za magari ya mashindano. Anakumbuka sauti kabla ya gari. Anasema ilisikika kutoka mbali sana, ikakua, ikapita, ikaacha vumbi na harufu ya petroli, na wao wakabaki kubishana nani alikuwa ndani.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyaweka magari haya mawili pamoja kichwani: Datsun 240Z ya ujana wa baba na Toyota IST yangu. Moja ni gari la michezo ambalo leo matajiri wa Ulaya na Marekani hulitunza kama kito. Jingine ni lile ambalo vijana wa mjini huliita beibi woka. Lakini yote mawili yametoka Japani, yote mawili yamepita chini ya mlima huu, na kadiri ninavyosoma habari zake ndivyo ninavyoona kuwa ni ndugu kuliko watu wanavyodhani.

Tuanze na barabara, maana ndiyo iliyokuwa hakimu wa yote mawili.

Mashindano ya Safari yalizaliwa mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari, na jina hilo liliyafaa, kwa sababu njia yake ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Nchi hizi ziliposhusha bendera ya Mwingereza, mashindano yaliendelea. Anayetoka Nairobi na Arusha kwenda milima ya Usambara au Dar es Salaam hawezi kuiruka Moshi. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa zamani za Wajerumani, na barabara kuu ikafuata ukanda huohuo, Mwanga, Same, Mombo. Kwa hiyo mji wetu wa kahawa ulipata bahati ya kuyaona magari ya dunia yakipita mlangoni.

Na yalikuwa yakipita kwenye barabara ya kila mtu. Leo mashindano ya magari hufunga njia. Safari ya wakati ule haikufunga. Dereva alikutana na basi, ng'ombe, mwenye baiskeli aliyebeba mkungu wa ndizi. Alipewa muda wa kufika kituo kinachofuata, na kila dakika aliyochelewa iliandikwa kuwa adhabu. Mwenye adhabu chache ndiye aliyeshinda. Mbio zilikuwa za kilomita elfu kadhaa, mchana na usiku, na kwa miaka mingi zilifanyika wakati wa Pasaka. Mtu wa Kilimanjaro hahitaji kuelezwa Pasaka maana yake nini: ni masika, ni udongo unaogeuka sabuni, ni mto usio na jina unaokata barabara asubuhi na kukauka jioni. Mwaka 1963 yalianza magari zaidi ya 80, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza zaidi ya 90, yakamaliza tena 7.

Ndiyo maana orodha ya washindi wa miaka ile ni orodha ya magari ya familia. Volkswagen ya mgongo wa kobe ilishinda mara tatu, 1954, 1957 na 1962. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda na Volvo PV544, gari la umbo la kizamani ambalo wengi hawakulipa nafasi. Peugeot 404 ilishinda mara nne, na mara mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, usukani ulishikwa na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania mwenye asili ya Scotland, akiwa na Chris Rothwell. Peugeot ile ile ndiyo iliyobeba abiria katika miji yetu kwa miaka mingi, na wazee wanaikumbuka kwa jina moja tu: Pijo. Watu waliokuwa wakiona gari likishinda Pasaka walilikuta Jumatatu stendi, likingoja abiria.

Wajapani walikuja mwaka 1963. Nissan, wenye jina la Datsun, walileta Bluebird na Cedric, na hakuna iliyofika mwisho. Kushindwa huko hakukuwarudisha nyumbani. Walirudi mwaka uliofuata, na uliofuata, wakisoma mawe na matope ya kwetu kama mwanafunzi anayesoma somo alilofeli. Mwaka 1966 wakashinda katika daraja lao. Japani kwenyewe Safari ikawa hadithi kubwa kiasi kwamba mwaka 1969 ilitoka filamu juu yake, wakicheza Yujiro Ishihara na Toshiro Mifune, wachezaji wawili wakubwa kabisa wa nchi ile. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, pamoja na Hans Schüller, wakaipa Datsun ushindi wake wa kwanza wa jumla kwa gari la 1600 SSS. Nalo lilikuwa la milango minne.

Kisha ikaja 240Z.

Lilizinduliwa Japani mwishoni mwa 1969 kwa jina la Fairlady Z, na nje likauzwa kama Datsun 240Z. Boneti ndefu, kioo cha nyuma kilicholala, viti viwili tu. Chini ya boneti, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili, nguvu za farasi 151 kwa hesabu ya Marekani ya siku hizo. Marekani liliuzwa kwa dola 3,526, bei iliyowatia hofu watengenezaji wa magari ya michezo wa Ulaya, kwa maana lilikuwa zuri kama yao na halikuharibika kila wiki.

Kulipeleka gari la viti viwili kwenye Safari lilikuwa jambo la ujasiri. Porsche walijaribu na 911 yao kwa miaka: Sobiesław Zasada alikuwa wa pili mwaka 1972, Björn Waldegård naye wa pili mwaka 1974, na ushindi haukuja. Lakini 240Z ilishinda mara ya kwanza ilipokuja, mwaka 1971, kwa mikono ya Herrmann na Schüller walewale, na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z nyingine iliyoendeshwa na kijana wa Uganda, Shekhar Mehta. Lile gari jekundu lenye boneti nyeusi Nissan wamelihifadhi Japani katika hazina yao ya magari ya kale.

Habari ya Mehta inanigusa zaidi ya zote. Alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika ukoo uliojulikana kwa mashamba ya miwa. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia, na Mehta akahamia Kenya. Miezi michache baadaye, Pasaka ya 1973, akarudi barabarani na 240Z, Lofty Drews akimsomea njia. Mwaka huo Safari ilikuwa imeingizwa kwa mara ya kwanza katika ubingwa wa dunia. Mwisho wa safari, adhabu zake zililingana sawasawa na za Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa na Datsun 1800 SSS. Waamuzi wakaangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kuchafua kadi yake kwa adhabu ya kwanza. Alikuwa Mehta. Mtu aliyenyang'anywa nchi mwaka mmoja, mwaka uliofuata akaitwa mshindi wa Afrika Mashariki nzima.

Na hapo ndipo Afrika Mashariki hiyo ilipoanza kufungika. Tangu 1974 Safari ikawa ya Kenya peke yake. Mwishoni mwa 1973 bei ya mafuta duniani ilikuwa imeanza kupanda, na kwa muda wa miezi mitatu hivi ikafika mara nne. Injini kubwa zikawa anasa kila mahali. Kwetu Tanzania serikali ilipiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili mchana, na wazee wa Moshi wanasimulia jinsi watu walivyohakikisha wamerudi kutoka ibadani kabla ya saa kufika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka na Kenya ukafungwa hadi mwishoni mwa 1983. Holili, ambako mtu alikuwa akivuka kwenda Taveta sokoni kama anayekwenda kwa jirani, pakawa mwisho wa njia. Mehta aliendelea kushinda upande wa pili, mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, na gari lake halikuwa tena la viti viwili. Mwanzoni lilikuwa Datsun 160J, la milango minne. Barabara ilikuwa imerudi kwenye hukumu yake ya zamani.

Huku mlimani, miaka hiyo, swali la gari la michezo halikuwepo. Gari lilikuwa pikapu iliyobeba kahawa kwenda chama cha msingi, Land Rover ya serikali au ya misheni, na basi lililopanda Marangu mara moja au mbili kwa siku. Fedha ya kahawa, ambayo tangu 1933 ilipita mikononi mwa KNCU, chama kikuu cha ushirika wa wakulima wa kahawa, ilijenga shule na kuezeka nyumba kwa bati, lakini ni wachache mno walionunua gari la kutembelea. Mwalimu alitembea kwa miguu. Nesi alitembea kwa miguu. Bibi yangu alishuka sokoni Kiboriloni na kupanda tena, mzigo kichwani, maisha yake yote.

Mlango ulifunguka zama za Rais Mwinyi, 1985 hadi 1995, biashara iliporuhusiwa kupumua. Magari yaliyotumika yakaanza kuja kutoka Japani, na yamekuja tangu hapo bila kukoma. Sababu ni mbili, na zote ziko Japani. Kwanza, kule huendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani uko kulia, kwa hiyo gari linashuka melini Dar es Salaam na kuondoka. Pili, sheria yao inalitaka kila gari likaguliwe, mara ya kwanza likiwa na miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo, unaoitwa shaken, ni wa gharama, na gari likishazeeka kidogo mwenyewe huona heri aliuze. Kenya imezuia magari yenye zaidi ya miaka minane. Tanzania haikuzuia, inatoza ushuru zaidi kwa uchakavu. Ndiyo maana IST ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 bado inaonekana mpya machoni petu.

IST ilizinduliwa mwaka 2002. Ilijengwa juu ya msingi wa Vitz, ambayo ilitoka 1999. Urefu wake haufiki mita nne. Injini yake inakaa kwa ubavu mbele, ya 1,300 au 1,500. Hiyo ya 1,500 ina nguvu za farasi 109. Na hapa ndipo mlinganisho unapoanza kunishangaza. Datsun 240Z ina uzito wa tani moja na kidogo. IST nayo ina uzito wa tani moja hivi. Gari la michezo la mwaka 1971 na kigari cha kwendea sokoni, ukiviweka kwenye mizani, vinakaribiana kabisa.

Hata nguvu hazikuachana kama namba zinavyodai. Zile farasi 151 zilipimwa kwa mtindo wa zamani, injini ikiwa imevuliwa vitu vingi vinavyoilemea, kama feni na ekzosi ya gari lenyewe. Zile 109 zimepimwa injini ikiwa imevaa kila kitu. Ukisawazisha vipimo, Datsun bado inatangulia, lakini pengo linapungua sana. Kisha yapeleke yote mawili mlimani. Kila mita 100 unazopanda, injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia moja ya nguvu, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Kutoka Moshi mjini hadi lango la Marangu, lililo karibu mita 1,900 juu ya bahari, ni kupanda mita elfu moja hivi. IST ina kihisi kinachoonja moshi wa ekzosi na kompyuta inayopunguza petroli kadiri hewa inavyopungua. Kabureta haina habari hiyo. Imefungwa kwa hewa ya mahali fulani, na ukipanda inaendelea kumwaga petroli ileile kwenye hewa iliyopungua. Moshi unakuwa mweusi, plagi zinajaa masizi, gari linakohoa. Mafundi wa Safari walilijua hilo, na walikuwa na kazi kubwa kutafuta mpangilio utakaovumilia pwani na nyanda za juu katika mbio moja.

Lakini baba alisema kweli kuhusu kugeuka. 240Z inasukumwa na matairi ya nyuma, na mlimani uzito ukilalia nyuma unalalia mahali panapotakiwa. Ina gia tano za mkono na klachi, dereva anachagua mwenyewe. IST nyingi zina gia nne za kujibadilisha, na anayeshuka nayo kutoka Machame akiwa ameiacha kwenye D anakwenda kupika breki zake. Huku tunafundishana: weka L, iache injini ishike. Breki zenyewe ni za mpango uleule, diski mbele na ngoma nyuma, kwenye magari yote mawili, ingawa IST inakuja na ABS na mifuko ya hewa ambayo dereva wa 1971 hakuwahi kuiota. Alikuwa na mkanda na Mungu wake.

Nikiulizwa lipi zuri, sitaficha: 240Z. Hakuna pembe utakayoitazama usipende. Nikiulizwa lipi limeibadilisha Moshi, nitasema IST bila kusita. Ukisimama asubuhi kwenye mzunguko wa mnara wa saa utayaona: mwalimu wa kike anayetoka Uru, muuguzi aliyemaliza zamu ya usiku, mfanyabiashara wa mitumba na marobota mpaka juu ya viti. Nafasi ya kupita mikononi mwa watu wengi namna hii Datsun haikuipata, wala haikuitafuta. Plagi ya IST unainunua duka la tatu kutoka stendi. Fundi anayeijua yuko kila mtaa, na wengine wamejifunza kusoma kompyuta yake kwa mashine ndogo wanayoipachika chini ya usukani, kazi ambayo walimu wao wa gereji hawakuwa nayo.

Kuna jambo moja ambalo nilipolijua sikulala mapema. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, ilikuwa imetimia miaka 50 kamili tangu ushindi wa kwanza wa 240Z. Sébastien Ogier alishinda kule Naivasha na Toyota Yaris. Na Yaris ni nini? Ni jina ambalo Vitz ilitumia nje ya Japani. Tangu hapo Yaris imeshinda 2022, 2023, 2024 na 2025, na mara mbili ilichukua nafasi nne za kwanza zote. Bila shaka gari lile la mashindano linavutwa na matairi yote manne, lina turbo, na halifanani na la stendi zaidi ya sura. Lakini ukoo ni ule ule. Kigari kilichochekwa kwa ufupi wake ndicho chenye jina kwenye kikombe cha barabara ngumu kuliko zote. Nilipomweleza baba, aliniomba nirudie mara mbili.

Safari ya IST ya kwetu, hata hivyo, iko Desemba. Kuanzia katikati ya mwezi Wachagga wa Dar es Salaam hufunga mizigo na kurudi vihambani kwa Krismasi, kilomita karibu 560, Chalinze, Segera, Same, hadi Himo. Ukikaa pale njia panda usiku utaona taa zikija mfululizo, nyingine zikinyoosha kwenda Moshi, nyingine zikikata kulia kupanda Marangu na kuendelea Rombo. Ndani mna watoto waliolala, kuku wawili kwenye boksi, katoni ya soda kwa wazee, na bati ambalo mwenye gari ameahidi kwa miaka mitatu. Hakuna anayeandika dakika, ila kila nyumba kuna mtu anayehesabu.

Mwaka jana nilitoka Dar na baba. Tulifika mlima wetu wa mwisho saa tatu usiku, mvua ikinyunya. Nikasimama chini, nikageuza gari. Baba akateremsha kioo chake, akatoa kichwa, akaanza kunielekeza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Kulia kidogo. Mfereji huo, angalia. Njoo, njoo, usiachie." Matairi yakateleza mara moja, yakashika. Tulipofika uwanjani alishuka, akaenda mbele, akaweka kiganja juu ya boneti iliyokuwa bado ya moto.

"Kesho," akasema, "unaweza kunifikisha Rombo kwa shangazi yako?"